Mchanga Ukimshika Mtu, Msivute: Chimbeni



Kiangazi kikikaza katika sehemu zetu kavu, maji ya mtoni hayaishi, hujificha. Mto unabaki mchanga mtupu, na chini ya mchanga ndiko maji yaliko. Basi kina mama na vijana huchimba. Mwezi wa Julai kisima cha mtoni kinafika magotini. Mwezi wa Agosti kinafika kifuani. Mwezi wa Septemba anayechota hata kichwa hakionekani, na mitungi anapokezwa kutoka juu.

Siku moja ukuta unaanguka. Haupigi kelele wala hautoi onyo. Yule aliye chini anajikuta amefunikwa mpaka kiunoni, pengine mpaka kifuani. Watu wanakuja mbio, wanamshika mikono, wanaanza: "Vuteni! Vuteni!" Hatoki. Wanaongezeka watu, wanaleta kamba. Bado hatoki. Na huku mchanga mwingine unazidi kuporomoka kutoka pale waliposimama wavutaji.

Mambo hayo hayo huwapata vijana wanaochimba mchanga wa kuuza kwa malori. Kila mwaka tunasikia habari za namna hii, na kila mara watu huuliza: mchanga ni laini hivi, mtoto anauchezea, kwa nini unamshika mtu mzima kama simiti? Katika makala hii tutajibu swali hilo. Tutafanya majaribio matatu ambayo kikundi chochote kinaweza kuyafanya chini ya mti, kisha tutaona la kufanya.

MCHANGA SI JIWE, WALA SI MAJI

Jiwe ni kitu kimoja. Ukilisukuma linakwenda lote. Maji hayana umbo, ukiyasukuma yanakupisha. Mchanga uko katikati. Ni punje nyingi mno, kila punje ni jiwe dogo, na punje hizo hazikushikamana kwa gundi. Kinachozishikisha ni mambo mawili tu: uzito wa zile zilizo juu yake, na kule kukwaruzana kwake, yaani msuguano.

Kumbuka hapo: uzito na msuguano. Mengine yote yanatoka hapo. Mchanga usiolemewa na kitu unamwagika kama maji. Mchanga uliolemewa unakaza kama ukuta. Ndiyo maana juu unaweza kuuchota kwa kiganja, lakini dhiraa moja chini unahitaji beleshi na jasho.

JARIBIO LA KWANZA: FIMBO NDANI YA DEBE

Jaza debe mchanga mkavu. Chukua fimbo ya unene wa kidole gumba. Isimamishe ndani ya mchanga kwa kina cha kiganja kimoja, halafu ivute kwenda upande, kama mtu anayekoroga uji. Itakwenda bila shida. Sasa izamishe mara mbili ya kina kile, uvute tena. Wengi hufikiri nguvu itakayotakiwa ni mara mbili. Sivyo. Ni kama mara nne.

Kwa nini? Kwanza, sehemu ya fimbo iliyo ndani ya mchanga imekuwa ndefu mara mbili. Pili, punje zilizo chini zimelemewa zaidi na zile za juu, kwa hiyo zinakwaruzana kwa nguvu zaidi. Mambo mawili yameongezeka kwa pamoja. Mtu aliyezama mpaka magotini na yule aliyezama mpaka kiunoni, hali zao hazilingani hata kidogo.

Sasa jaribu jambo jingine. Vuta fimbo ile pole pole kabisa, halafu vuta kwa haraka kidogo. Katika maji ungeona tofauti kubwa, maana maji humpisha mtu asiye na haraka. Katika mchanga karibu hakuna tofauti. Ni sawa na kuburuta gunia la mahindi sakafuni: ukiburuta pole pole, gunia halipungui uzito. Kwa hiyo yule anayesema, "Tumvute taratibu, atatoka tu," anafikiria maji. Mchanga hauna taratibu.

JARIBIO LA PILI: CHUPA INAYONINGʼINIA

Hili watoto watalipenda. Chukua chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita, uijaze mchele mkavu mpaka shingoni. Igongegonge chini ili mchele ushuke, kisha uongeze mwingine. Sasa chukua kijiti cha unene wa penseli, kisicholainishwa sana. Kidunge ndani ya mchele mpaka karibu na chini, ukitoe, ukidunge tena. Rudia mara nyingi. Mwanzoni kinaingia na kutoka ovyo. Baadaye utasikia kimeanza kushikwa. Mwishowe inua kijiti polepole: chupa nzima itainuka nacho, ikiningʼinia hewani.

Hakuna gundi humo. Ni nini basi? Kila ulipodunga, punje zilijipanga vizuri zaidi, zikabanana. Punje zilizobanana haziwezi kupishana bila kwanza kusogea mbali kidogo, yaani lazima zipate nafasi. Lakini chupa haiwapi nafasi. Kwa hiyo kadiri unavyovuta, ndivyo zinavyojikaza kati ya kijiti na ukuta wa chupa. Jambo hili la punje zilizobanana kuhitaji nafasi zaidi lilielezwa na mwanasayansi wa Uingereza, Osborne Reynolds, mwaka 1885. Hata wewe umeliona ukitembea ufukweni Mombasa au Malindi: ukikanyaga mchanga uliolowa, kandokando ya mguu panakuwa pakavu kwa muda. Punje zimeachana kidogo, na maji yameingia katikati yake.

Sasa badala ya kijiti weka mguu wa mtu, na badala ya chupa weka mchanga wa mto pande zote. Mtu aliyefukiwa hutapatapa, na kila akitikisa mguu punje hushuka na kujipanga. Akiinua mguu kidogo tu, mchanga huingia chini ya unyayo, na mguu haurudi tena ulipokuwa. Anayevuta kutoka juu anavuta kile kijiti. Mchanga haumwachii, bali unakaza. Kinachoweza kuachia ni bega, au uti wa mgongo.

JARIBIO LA TATU: UKUTA UNAOANGUKA BILA KUSUKUMWA

Mwaga mchanga mkavu chini polepole uwe kilima. Utaona kilima hakiendi juu tu. Kikifika mteremko fulani, kila unachoongeza kinateremka. Kwa mchanga wa kawaida, kilima cha mita moja kwenda juu hutambaa kama mita moja na nusu kila upande. Huo ndio mteremko ambao mchanga mkavu unaweza kusimama wenyewe.

Yuko mdudu anayelijua jambo hili kuliko sisi. Mmemwona chini ya ukuta wa nyumba au ghala, penye vumbi kavu, amechimba kishimo cha umbo la faneli na kujificha chini kabisa. Kuta za kishimo chake ziko katika mteremko ule wa mwisho. Siafu akikanyaga ukingoni, ukuta unateremka naye mpaka mdomoni. Kisima cha mtoni chenye kuta za mchanga mkavu ni mtego wa namna hiyo hiyo, ila tumeuchimba wenyewe.

Sasa chukua mchanga wenye unyevu kidogo. Ujaze kwenye kikombe, uupindue kama watoto wanavyofanya. Umesimama wima! Maji kidogo yaliyo kati ya punje yanazivuta pamoja, kama karatasi mbili zilizolowa zinavyogandana. Acha umbo lile juani. Baada ya muda upande mmoja utaanguka, na hakuna aliyeugusa. Maji yamekauka na kile kilichokuwa kikishika kimekwenda. Tengeneza umbo jingine, halafu mimina maji chini yake polepole. Nalo litakaa kidogo, kisha litamomonyoka kutoka chini. Maji yakijaa kabisa, hayashiki tena, yanatenganisha punje.

Sasa kitazame kisima cha mtoni. Ukuta wake una sehemu tatu kwa pamoja. Juu mchanga ni mkavu, unateremka. Katikati una unyevu, unasimama wima na kutudanganya. Chini maji yanatoka, na kila debe linalochotwa linaondoka na mchanga wa chini ya ukuta. Ukuta uliosimama asubuhi unakauka mbele na kuliwa chini. Kusema "jana ulisimama, leo pia utasimama" ni kosa. Jana unyevu ulikuwa mwingine.

UZITO SI MCHEZO

Debe la maji ni kilo 20. Debe la mchanga mkavu ni kilo 30 kwenda juu, na wenye unyevu unazidi hapo. Fikiria mtu amelala chini na mchanga umemfunika kifua na tumbo kwa kina cha dhiraa moja tu, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Hayo ni karibu madebe matatu. Ni kama kumwekea gunia zima la mahindi la kilo 90 juu ya kifua na kumwambia apumue.

Aliyefukiwa akiwa amesimama pia hayuko salama. Akitoa pumzi, kifua kinapungua kidogo, na mchanga unaijaza nafasi ile mara moja. Akitaka kuvuta pumzi nyingine, kifua hakina pa kwenda. Kila pumzi inakuwa fupi kuliko iliyotangulia. Kwa hiyo mtu anaweza kukosa hewa hata kama kichwa chake kiko nje na anazungumza. Msidanganyike kwa sababu anajibu salamu.

Penye mchanga uliojaa maji kuna jambo jingine. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, Uholanzi, walipima mchanga unaodidimiza. Waligundua mambo mawili. La kwanza ni la faraja: mchanga ule na maji yake ni mzito kama mara mbili ya mwili wa binadamu, kwa hiyo mtu hazami wote, huelea akifika kiunoni hivi. La pili ni la kutisha: kutoa mguu mmoja kwa mwendo wa sentimita moja tu kwa sekunde kunahitaji nguvu inayolingana na kuinua gari la wastani. Sasa wale vijana sita wenye kamba watafanya nini?

FANYENI HIVI

1. Msikimbilie ukingoni. Uzito na vishindo vya watu huangusha ukuta wa pili juu ya yule yule. Mtu mmoja awe msimamizi, awarudishe watu nyuma mbali na shimo.

2. Mwingine atumwe mara moja kutafuta gari na kuarifu kituo cha afya. Msingoje mpaka atoke.

3. Wekeni mbao, mlango, ngazi au mabati ukingoni, na waokoaji walale au wapige magoti juu yake. Uzito ukitandazwa, mchanga hauporomoki kwa urahisi. Ngamia anatembea mchangani kwa sababu hiyo hiyo: unyayo wake ni mpana.

4. Kwanza uso, pili kifua. Ondoeni mchanga mpaka apumue vizuri. Mwambieni aweke mikono mbele ya kifua, ili nafasi ya kupumua isijazwe tena.

5. Mzungushieni ukuta. Simamisheni mbao au vipande vya mabati kumzunguka, au mvisheni pipa lililokatwa juu na chini kama linapita. Huu ukuta mdogo unazuia mchanga wa nje usiingie. Halafu choteni ule wa ndani kwa mikono, sufuria au karai. Jembe na sururu msizitumie karibu na mwili. Mchanga mnaotoa utupwe mbali.

6. Msimfunge kamba mkavuta, wala msitumie ngʼombe au lori. Kamba ni ya kumshikilia asizame zaidi, basi. Atoke wakati mchanga umefika chini ya magoti, si kabla.

7. Ikiwa ni mchanga wa majimaji na hakuna ukuta wa kuanguka, ajilaze nyuma kama anayeelea, atikise miguu kidogo kidogo ili maji yaingie kandokando yake, na autoe mguu mmoja kwanza. Haraka haisaidii.

8. Akitoka, apelekwe hospitalini hata akisema, "Mimi niko sawa." Miguu iliyobanwa kwa muda mrefu huweza kuleta madhara ya moyo na figo baadaye, na kwa macho huwezi kuyaona.

KUZUIA NI RAHISI KULIKO KUOKOA

Mkichimba wazi, fuateni mteremko wa lile jaribio la tatu: kila mita moja ya kina, upana wa mita moja na nusu kila upande. Shimo la mita mbili lenye sakafu ya mita moja litakuwa na mdomo wa mita saba. Mtasema hiyo ni kazi kubwa. Ni kweli. Lakini huo ndio ukubwa ambao mchanga wenyewe utautafuta, mkiwa ndani au mkiwa nje. Na pale maji yanapotoka, hata mteremko huo hautoshi.

Kwa hiyo njia nzuri ya kisima cha mtoni ni kalvati. Pete ya simiti inawekwa juu ya mchanga, na mchimbaji anakaa ndani yake. Anachimba chini ya ukingo wa pete sawasawa pande zote, na pete inashuka kwa uzito wake. Ikishuka, nyingine inawekwa juu. Ukuta hauwezi kumwangukia, maana ukuta ameuvaa. Akichimba upande mmoja tu, pete inapinda na kukwama, na hapo mtakumbuka ile chupa ya mchele. Kwa kisima kifupi, hata pipa lililotolewa chini linasaidia.

Njia iliyo bora zaidi ni kutomwingiza mtu shimoni kabisa. Vikundi vingi vya Machakos, Makueni na Kitui vimejenga mabwawa ya mchanga, yaani ukuta unaokinga mto ili mchanga ujikusanye na kuhifadhi maji. Debe moja la mchanga wa punje kubwa uliojaa maji linaweza kutoa lita tano hivi. Bwawa likiwekewa bomba au kisima cha kando chenye pampu ya mkono, mama anachota akiwa amesimama juu ya nchi kavu.

Kwa wanaochimba mchanga wa kuuza: msichimbe mapango chini ya ukingo. Kivuli chake ni kizuri, lakini juu yenu pananingʼinia tani nyingi zinazoshikwa na unyevu tu. Miongozo ya NEMA ya mwaka 2007 inakataza kuchimba mchanga kwa njia ya mapango, na Kaunti ya Makueni ilitunga sheria yake ya mchanga mwaka 2015. Pia, udongo mnaotoa na malori yenu yakae mbali na ukingo, asiwepo mtu anayechimba peke yake, na mashimo yasiachwe wazi jioni, maana watoto hucheza.

Neno moja kuhusu mahindi. Punje za mahindi ni kama mchanga. Katika ghala kubwa, mahindi yakitolewa kwa mlango wa chini, aliye juu huvutwa ndani kwa muda mfupi sana, na kumvuta ni vigumu vile vile. Mtoto asiruhusiwe kupanda juu ya lundo wakati linatolewa. Akinaswa, fungeni mlango kwanza, halafu mzungushieni mbao na kuchota.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kisima tunachotumia sasa kina kina gani, na mdomo wake una upana gani? Pimeni kwa hatua, mlinganishe na kipimo kilichotajwa.

2. Ukuta ukianguka leo, mbao, mabati na pipa vitatoka nyumba ya nani? Nani atakuwa msimamizi?

3. Kikundi chetu kinaweza kununua au kutengeneza kalvati ngapi kabla ya kiangazi kijacho?

Fanyeni yale majaribio matatu katika mkutano wenu ujao, na waiteni vijana wa malori nao waje. Siku ya ajali hakuna nafasi ya kufundishana. Siku hiyo mtu mmoja tu akipaza sauti, "Acheni kuvuta! Leteni mbao!", na wengine wakamwelewa, huenda mtu akarudi nyumbani kwake jioni.